Mwenye nyumba akishindwa kulipa deni, mpangaji afanye nini?

Mara nyingi habari hii haianzi na barua. Inaanza na watu wawili wasiojulikana wanaosimama mbele ya parsele, wanatazama mabati, wanahesabu milango, halafu wanaondoka bila kusalimia. Siku chache baadaye neno linazunguka kisimani: mwenye parsele alikopa franga, hajarudisha, na nyumba itauzwa. Kuanzia hapo wapangaji hawalali vizuri. Mmoja anaanza kufunga vyombo. Mwingine anakataa kulipa mwezi. Wa tatu anatafuta chumba Kabondo au Lubunga kabla hajajua hata kama habari ni ya kweli.

Katika mikutano yetu swali hili limerudi mara nyingi, kutoka Makiso mpaka Mangobo, kutoka Tshopo mpaka ng'ambo ya mto. Wamama wanauliza: «Deni si langu. Nimelipa kila mwezi. Je, wanaweza kunitoa pamoja na watoto katikati ya mwaka wa masomo?» Wiki hii tumeona vema kulijibu polepole, hatua kwa hatua, kwa sababu mama anayejua sheria haogopeshwi na kelele za mlangoni.

Jibu fupi ni hili: deni la mwenye nyumba halikufanyi wewe kuwa mdeni, na nyumba ikibadilisha mwenyewe, haki yako ya kukaa haifi siku hiyo hiyo. Lakini haki hiyo inasimama juu ya karatasi. Asiye na karatasi ana haki pia, ila atapata taabu kuionyesha.

Kwanza, tujue ni deni la namna gani

Hapa kwetu kuna namna mbili za kukopa kwa kuweka nyumba, na hazifanani.

Namna ya kwanza ni ya banki au koperativu ya mikopo. Mwenye nyumba anaweka parsele kama rehani. Karatasi za Kifaransa huiita *hypothèque*. Kwa sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, hati inayoaminika juu ya parsele ni sertifika, yaani *certificat d'enregistrement*, inayotolewa na konservateri wa hati za nyumba na udongo. Rehani ya kweli inaandikwa huko, kwenye daftari la konservateri. Kwa hiyo haifichiki kabisa: inaweza kuulizwa na kuonekana.

Namna ya pili ni ile tunayoiita «banque Lambert»: mtu binafsi anakopesha kwa faida kubwa, anachukua karatasi za parsele, na mara nyingine anamsainisha mkopaji karatasi ya kuuza ambayo haina tarehe. Mwezi wa kulipa ukipita, mkopeshaji anajaza tarehe na kuja kwenye parsele akisema: «Mimi ndiye mwenye nyumba sasa. Wote mtoke kesho.»

Tunawaomba wamama wakumbuke tofauti hii, kwa sababu wengi wanaofukuzwa ovyo wanafukuzwa na mtu wa namna ya pili. Banki inapita kwenye tribinali. Mtu wa «banque Lambert» anapita mlangoni akiwa na vijana wawili na sauti kubwa. Karatasi ya kuuza iliyosainiwa nyuma ya deni inaweza kupingwa na mwenye nyumba mbele ya jaji. Na hata kama ingekuwa nzuri, kununua nyumba hakumpi mtu ruhusa ya kurusha vitanda vya wapangaji nje.

Njia ambayo banki inapaswa kuifuata

Nchi yetu iliingia katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, na sheria hizo zilianza kufanya kazi kwetu tarehe 12 Septemba 2012. Moja ya sheria hizo inahusu namna ya kudai deni na kukamata mali. Ilipitishwa Libreville tarehe 10 Aprili 1998, na ikarekebishwa hapa hapa nchini, Kinshasa, tarehe 17 Oktoba 2023. Ndiyo inayosema jinsi nyumba inavyokamatwa na kuuzwa kwa sababu ya deni.

Kwa maneno ya nyumbani, mambo yanakwenda hivi. Mwenye deni analetewa karatasi na wisie (*huissier*), mtumishi wa tribinali ambaye kazi yake ni kupeleka barua za sheria na kutekeleza hukumu. Karatasi hiyo inaitwa *commandement*: inamwambia alipe, la sivyo nyumba itauzwa. Maandishi ya mwaka 1998 yalimpa siku 20. Asipolipa, karatasi inaandikishwa kwa konservateri, na kuanzia hapo mwenye nyumba hawezi tena kuuza parsele kwa siri wala kuiwekea rehani nyingine. Halafu kunaandikwa kitabu cha masharti ya mauzo, kinawekwa tribinali, watu wanaitwa kusema kama wana mapingamizi, na matangazo yanatolewa. Mwisho ndipo nyumba inauzwa kwa mnada, mbele ya watu wote.

Hayo yote si kazi ya juma moja. Ni miezi. Kwa hiyo mtu akija asubuhi moja na kusema «nyumba imeuzwa jana na banki», wakati hapakuwa na wisie, hapakuwa na tangazo na hapakuwa na mnada, mama una sababu nzuri ya kuuliza: «Hukumu iko wapi? Imetolewa na tribinali gani? Tarehe gani? Jina la wisie ni nani?» Uliza kwa heshima, lakini uliza. Mtu mwenye karatasi za kweli hakasiriki akiombwa kuzionyesha.

Nyumba ikiuzwa, kontra yako inaendelea

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ni la zamani katika sheria yetu. Kitabu cha sheria za kiraia juu ya mapatano, ambacho mzizi wake ni dekre ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema kwamba mwenye nyumba akiuza nyumba iliyopangishwa, mnunuzi hawezi kumfukuza mpangaji ambaye kontra yake ilifanywa mbele ya afisa wa serikali au ina tarehe isiyoweza kubishaniwa. Mnunuzi anaipokea nyumba pamoja na watu waliomo, mpaka kontra yao imalizike kwa njia ya sheria.

Lakini kuna mlango mmoja mdogo. Kanuni hiyo haikulindi ikiwa ndani ya kontra yenyewe mwenye nyumba alijiwekea haki ya kukutoa siku akiuza. Kwa hiyo kabla ya kusaini, soma kila mstari, au msomeshe mtoto wako wa sekondari, au uilete kwetu. Ukiona maneno ya namna hiyo, omba yafutwe, au omba yaongezwe maneno ya kukupa muda wa kutosha na kukurudishia garanti kabla hujatoka.

Sasa, «tarehe isiyoweza kubishaniwa» ni nini? Karatasi mliyoandika ninyi wawili mezani, bila shahidi wala muhuri, inawafunga ninyi wawili. Mnunuzi anaweza kusema: «Hii mmeiandika jana usiku ili mnizuie.» Ndiyo sababu kontra inahitaji mkono wa serikali: ipelekwe kwenye biro ya Habitat ya komini yako ipigwe muhuri na kuandikwa, au kwa notere. Gharama yake si kitu ukiilinganisha na gharama ya kuhama ghafula.

Tufanye mfano. Mama mmoja amepanga vyumba viwili Mangobo kwa dola 50 kwa mwezi, kontra ya mwaka mmoja kuanzia Januari, na ametoa garanti ya miezi mitatu, yaani dola 150. Mwezi wa sita nyumba inauzwa kwa mnada. Kama kontra yake ilipigwa muhuri Habitat mwezi wa kwanza, mnunuzi atampata mama huyu nyumbani kwa haki, na ataendelea kupokea dola 50 kila mwezi mpaka mwisho wa mwaka. Kama kontra yake ni ya mdomo tu, bado yeye ni mpangaji, kwa sababu sheria inakubali kupanga kwa mdomo. Lakini itabidi aonyeshe kwa risiti na mashahidi kwamba alikuwa anakaa na kulipa, na mnunuzi anaweza kumpa preavi, yaani taarifa ya kuondoka, mapema zaidi. Hata hivyo ni preavi ya maandishi na yenye muda, si amri ya kesho asubuhi.

Jambo moja la kuonya: kontra inayoandikwa baada ya nyumba kukamatwa ni dhaifu sana. Mwenye nyumba akija akikuambia «tuandike haraka kontra ya miaka mitano, tuirudishe nyuma tarehe», kataa. Hiyo ni hila ya kumdanganya mdai, na siku ya tribinali wewe ndiye utakayeulizwa.

Garanti yako iko wapi?

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupanga nyumba zisizo za biashara, inasema kwamba kwa nyumba ya kukaa garanti isipite miezi mitatu. Tunajua kwamba wengi wetu tumeombwa zaidi ya hapo, na wengi tumetoa kwa sababu tulikuwa na mizigo barabarani. Lakini tuelewe hatari yake: kadiri garanti inavyokuwa kubwa, ndivyo unavyomkopesha mwenye nyumba franga nyingi zaidi. Siku akifilisika, wewe nawe unakuwa mmoja wa watu wanaomdai, na banki yenye rehani inasimama mbele yako katika mstari.

Garanti hiyo uliipa mkono wa mwenye nyumba wa kwanza. Mnunuzi anaweza kusema: «Mimi sikupokea kitu.» Basi fanya mambo matatu mapema.

Kwanza, kiasi cha garanti kiandikwe ndani ya kontra, kwa tarakimu na kwa maneno, na uwe na risiti yake. Pili, ukisikia kwamba nyumba iko katika deni, mwendee mwenye nyumba kwa utulivu, umwombe mkubaliane kwa maandishi kwamba garanti ihesabiwe kama malipo ya miezi ijayo. Wengi wanakubali, kwa sababu wanajua hawatakuwa nayo ya kurudisha. Lakini iwe imeandikwa na kusainiwa kabla ya kukamatwa kwa nyumba. Usiamue peke yako kuacha kulipa, maana hapo utakuwa umempa mnunuzi sababu ya kukutoa. Tatu, kama kuna mauzo, peleka barua kwa avoka wa banki au kwenye tribinali, ukieleza kwamba wewe ni mpangaji, una kontra ya tarehe fulani na garanti ya kiasi fulani. Chukua nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Anayenunua akijua jambo hilo mapema, hawezi baadaye kujifanya ameshtuka.

Nimlipe nani?

Hapa ndipo wamama wengi wanapopoteza franga mara mbili, kwa hiyo tunaomba usikilizaji.

Maadamu hakuna karatasi ya sheria iliyokufikia, unaendelea kumlipa mwenye nyumba wako kama kawaida na kuchukua risiti. Uvumi wa kisimani hauondoi wajibu wa kulipa.

Lakini sheria ya OHADA inamruhusu mdai kukamata pesa ambazo watu wengine wanapaswa kumpa mdeni wake. Na wewe mpangaji kila mwezi unapaswa kumpa mwenye nyumba pesa. Kwa hiyo wisie anaweza kuja kwako, si kwa sababu una deni, bali kwa sababu unashika pesa za mwenye deni. Karatasi yake inaitwa *saisie-attribution*. Atakuuliza unalipa kiasi gani na umelipa mpaka mwezi gani. Mjibu palepale na umjibu kweli, kwa sababu anayeficha au kudanganya anaweza kulipishwa yeye mwenyewe. Kama umekwisha kulipa miezi ya mbele, onyesha risiti. Kuanzia saa hiyo usimpe tena mwenye nyumba pesa zilizokamatwa, hata akija analia. Ukimpa, unaweza kudaiwa kuzilipa mara ya pili. Zishike na uulize tribinali au avoka zilipwe wapi.

Na baada ya mnada? Mwambie mtu anayejiita mnunuzi akuonyeshe uamuzi wa tribinali uliompa nyumba, ufanye nakala, na ndipo uanze kumlipa yeye kwa risiti. Kama watu wawili wanadai pesa za mwezi mmoja, usichague upande. Weka pesa kando, andikia Habitat na watu wote wawili kwamba uko tayari kulipa, na uombe waamuliwe. Mama anayeonyesha kwamba pesa ipo na alitaka kulipa hahesabiwi kuwa mpangaji mbaya.

Tusisahau pia umeme na maji. Mwenye nyumba aliyelemewa na deni mara nyingi hulimbikiza fakture za SNEL na REGIDESO. Kama mlikuwa mnampa yeye sehemu yenu, shikeni risiti, ili siku waya ukikatwa msilipishwe tena kile mlichokwisha kulipa.

Wakija kwa nguvu

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 29 kwamba makao ya mtu hayavunjwi; hakuna anayeingia isipokuwa kwa njia ya sheria. Maneno hayo hayasemi «makao ya mwenye parsele». Chumba unachopanga ni makao yako. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 48, inataja haki ya kuwa na nyumba inayofaa.

Kumtoa mpangaji kwa nguvu kunahitaji uamuzi wa tribinali na wisie wa kuutekeleza. Polisi peke yake haitoshi. Shefu wa kartie peke yake hatoshi. Mwanajeshi ndugu wa mkopeshaji ndiye hatoshi kabisa. Sheria ya OHADA inaweka hata saa: kazi ya kukamata na kutekeleza haianzi kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni, na haifanywi siku ya Mungu wala siku ya sikukuu, isipokuwa jaji ametoa ruhusa ya pekee. Anayekuja saa tano usiku kung'oa mlango hana sheria mkononi.

Na vyombo vyako ni vyako. Friji, mashine ya kushona, magunia ya mchele ya biashara, vitanda vya watoto: hivyo havilipi deni la mwenye nyumba. Kama vimeandikwa kwa makosa kwenye orodha ya mali iliyokamatwa, mwambie wisie hapo hapo, na sheria inakuruhusu kwenda kwa jaji kudai vitolewe. Hapo ndipo risiti za ununuzi, ambazo wengi tunawashia moto wa makala, zinakuwa na thamani.

Usipigane. Mwite shefu wa avenyu na majirani wawe mashahidi. Piga picha kwa telefoni ikiwezekana. Andika majina, saa na kilichosemwa. Halafu nenda komini siku hiyo hiyo.

Mlango wa kubisha ni upi?

Ugomvi wa nyumba za kupanga huanzia Habitat ya komini, ambako pande zote mbili zinaitwa kupatanishwa. Kisangani ina komini 6: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Unaenda kwenye komini ilipo nyumba, si ile ulikozaliwa. Kama hamkupatana, omba karatasi inayosema kwamba upatanisho umeshindikana, maana ndiyo utakayobeba kwenda tribinali. Kwa asiye na uwezo wa avoka, uliza biro ya mashauri ya bure ya baraza la maavoka. Usiende peke yako: chukua kontra, risiti, kitambulisho, na mama mwingine wa kukusaidia kukumbuka yaliyosemwa.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuingia

Mambo mengi yangeepukika kabla ya kushusha mizigo kwenye pusi-pusi au kwenye toleka. Muulize mwenye nyumba waziwazi: «Parsele hii ina deni?» Muombe aonyeshe karatasi ya parsele, na uangalie jina lake ni lile lile lililo kwenye kontra. Kama anaonyesha nakala tu na kusema ya asili «iko mahali», uliza mahali gani; mara nyingi mahali hapo ni kwa mkopeshaji. Waulize wapangaji wengine. Kwa nyumba kubwa au kontra ndefu, inafaa hata kwenda kwa konservateri kuuliza kama kuna rehani.

Kisha, kontra iandikwe kwa majina ya watu wazima wote wawili wa nyumba. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliporekebisha sheria ya familia, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mapatano. Sheria inataka mume na mke wapatane. Basi jina la mama liwemo. Tumeona mara nyingi baba amesafiri kwenda machimboni au amefariki, na mama anaambiwa: «Wewe hatukujui, kontra ni ya bwana.» Na mama anayelea watoto peke yake aandike jina lake, si la kaka wala la mjomba.

Wengine wamefanyaje?

Shida hii si yetu peke yetu. Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mkopeshaji anayetaka kuuza nyumba ya rehani atoe taarifa na kungoja siku 40 zisizopungua, na nakala ya taarifa hiyo wapewe pia wapangaji waliomo. Marekani, baada ya nyumba nyingi kukamatwa na mabanki, ilitungwa sheria mwaka 2009 inayompa mpangaji wa kweli angalau siku 90 baada ya taarifa, na kwa kawaida kumwacha mwenye kontra akae mpaka kontra iishe. Mwaka 2018 sheria hiyo ikafanywa ya kudumu. Tunayataja haya ili wamama wasione haya kudai. Kuomba muda wa kuhama kwa utaratibu si kiburi, na kwingine ni sheria iliyoandikwa wazi.

Neno kwa wamama wenye parsele

Kati yetu wamo pia wenye nyumba, na wamo waliokopa: kwa biashara, kwa mazishi, kwa masomo ya mtoto chuoni. Hatuwahukumu. Mama mwenye nyumba anayeamka usiku akihesabu deni ana maumivu yake pia. Tunamwomba jambo moja: asiwafiche wapangaji. Aliyeambiwa mapema anaweza kujipanga, anaweza hata kusaidia kwa kulipa moja kwa moja kwa banki kwa makubaliano. Aliyefichwa anakuwa adui siku ya mwisho. Na kabla ya kusaini karatasi ya kuuza isiyo na tarehe kwa mkopeshaji, uje kwanza tuketi. Likelemba imeokoa nyumba zaidi ya moja. Karatasi isiyo na tarehe haijaokoa hata moja.

Tufanye nini wiki hii?

Tunapendekeza kila kikundi kifanye kazi moja. Kila mama mpangaji alete kwenye mkutano wake kontra aliyonayo, au aseme kama hana. Wanaojua kusoma Kifaransa wawasomee wengine, wakitafuta mambo matano: majina, tarehe, kiasi cha garanti, muda wa preavi, na kama kuna mstari juu ya kuuza nyumba. Wasio na kontra waende kwa wenye nyumba wao kwa maneno mazuri, wakiomba iandikwe, halafu waende pamoja Habitat kupiga muhuri. Wapangaji wa parsele moja waende pamoja siku moja. Familia nne zinazobisha hodi pamoja husikilizwa kuliko mama mmoja.

Kila mama anunue bahasha moja ngumu, aweke ndani kontra, risiti za kila mwezi, risiti ya garanti, na nakala ya kitambulisho, aifunge kwenye mfuko wa plastiki mvua isiifikie. Nakala nyingine akae nayo dada au rafiki wa komini nyingine.

Deni la mtu mwingine linaweza kupita mlangoni pako. Likikukuta na karatasi mkononi, litapita kwa utaratibu, na watoto watamaliza mwaka wao wa masomo.